Siku ya Kumpima Deusi

Jumamosi, katikati ya Agosti. Kawajense leo ni upepo na vumbi tu. Asubuhi ilikuwa baridi ya kuvaa sweta, mchana jua la kupasua midomo, na sasa jioni moshi wa majani yanayochomwa mashambani umetanda hadi mlangoni kwangu. Mama yuko uani anabangua karanga. Mimi nimejifungia chumbani na simu, kwa sababu nisipoyaandika haya nitamtukana mtu.

Leo nimelipiza kisasi.

Sijui kama nasema hivyo kwa kujisifu au kwa nini. Ngoja niandike kwanza.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni katekista. Nawafundisha watoto sala, amri na sakramenti, nawaandaa kwa komunyo ya kwanza na kwa kipaimara. Mshahara hakuna. Kuna shikamoo nyingi njiani, na hizo zilinitosha kwa miaka mingi.

Wiki ijayo makatekista wa parokia tuna semina, na Padri ameniomba mimi nizungumze juu ya Mtakatifu Kasiano. Anasema ni mfano mzuri kwa sisi tunaofundisha dini. Kasiano alikuwa mwalimu huko Italia, zama zile watawala wa Kirumi walipokuwa wanawawinda Wakristo. Aliwafundisha watoto kuandika upesi kwenye vibao vilivyopakwa nta, kwa kalamu za chuma zenye ncha. Alipokataa kuiabudu miungu ya watawala, hakimu hakumpeleka kwa askari. Alimfunga kwenye nguzo, akawaita wanafunzi wake, akawaambia huyu ni wenu, mfanyeni mnavyotaka. Wakamchoma kwa kalamu zile zile alizowafundisha kuzishika. Inasimuliwa kwamba alichelewa kufa kwa sababu mikono yao ilikuwa midogo na haikuwa na nguvu.

Padri anataka niongelee uvumilivu wake. Nimejaribu wiki nzima na nimeshindwa. Kila nikiisoma habari ile, uvumilivu siuoni. Natafuta majina ya wale watoto. Nani alianza? Nani alichoma huku anacheka? Nani alirudi nyumbani akala chakula chake vizuri akalala? Mapokeo hayasemi, na mimi hilo linaniudhi kuliko yote.

Maana wangu mimi namjua jina.

Anaitwa Deusi. Nilimfundisha ishara ya msalaba kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye kelele, asiyetulia, lakini akishika kitu hakimtoki. Nilimpenda, nisidanganye. Jumamosi baada ya mafundisho alikuwa anakuja nyumbani kula kisamvu cha mama, na mama alimpa sahani ya pili bila kuulizwa. Kabla hajapata kipaimara akatorokea machimbo ya dhahabu, kama walivyofanya wenzake wengi. Alirudi mtu mzima, ana hela, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Kanisa la mjini lilipohitaji bati, akatoa bati. Baada ya hapo akawa mwenyekiti wa vijana, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza chochote.

Mwaka jana baada ya misa kulikuwa na mkutano wa waamini. Deusi akasimama na suruali yake iliyonyooshwa vizuri, akasema, "Mimi naomba kuuliza. Huyu mama anawalimisha watoto wetu shambani kwake. Nyie wazazi mmeridhika? Halafu tuambizane ukweli, kwani kwao ni wapi?"

Shamba lile halikuwa langu. Lilikuwa la kanisa, nyuma ya nyumba ya Padri. Utaratibu wa siku ya kazi niliukuta, nami nikauendeleza: Jumamosi moja moja watoto wa mafundisho wanapalilia, na mahindi yakivunwa yanahifadhiwa hadi wakati wa mafungo, zile siku za mwisho kabla ya komunyo ya kwanza au kipaimara ambapo watoto wanashinda kanisani. Wapo wanaotoka mbali kabisa, watoto wa wafugaji wa huko porini, wanakuja bila kitu tumboni. Ule ugali ndio uliowashikilia. Deusi aliula. Aliula kuliko wote, na akirudia alikuwa anafuta sahani kwa kidole.

Na kwetu ni hapa. Mama ndiye aliyetoka Burundi akiwa msichana. Mimi nilizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, nikasomea Katumba, uraia tuliupokea kwa kiapo na mikono juu. Deusi anayajua yote hayo kwa sababu nilimsimulia mwenyewe jikoni kwetu.

Kilichoniumiza zaidi si maneno yake. Ni kwamba nusu ya watu waliokaa pale nimewafundisha mimi. Nilitazama benchi kwa benchi nikitafuta mmoja atakayesimama aseme shamba ni la kanisa, mahindi tulikula sisi. Wengine waliangalia viatu vyao. Wengine walicheka kidogo, kile kicheko cha puani.

Mwezi uliofuata nikahamishiwa kigango, kanisa dogo la huku pembeni upande wa Ilembo, kwenye mihogo na mchanga unaozamisha baiskeli. Padri alisema ni kwa ajili ya amani. Amani ya nani hakusema.

Tangu siku ile nimekuwa nikisali kila asubuhi na kila asubuhi nimekuwa nikimwombea Deusi mabaya. Duka liungue. Hapana, duka lisiungue, bati zote zipate kutu. Apate jino la kumuuma siku ya sikukuu. Nilikuwa nasali rozari huku nachagua. Kama kuna katekista mwenzangu anasoma hapa na anashtuka, ashtuke tu.

Halafu mwanzoni mwa mwaka huu akaletwa mkononi mwangu.

Deusi amechumbia. Binti anaitwa Veronika, muuguzi, mtu mpole ambaye sielewi aliona nini kwa yule bwana. Alipokwenda kwa Padri kupanga ndoa akaulizwa alipata kipaimara lini, akakiri hajakipata. Padri akamwambia hakuna ndoa kabla ya kipaimara. Darasa la mjini lilikuwa limeshafika mbali, halipokei mtu. Darasa pekee lililokuwa ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu ya mvua na ubovu wa njia, lilikuwa la kigango cha huku kwangu.

Siku anakuja nilimwona tangu mbali, anaisukuma pikipiki yake kwenye mchanga. Akaiegesha, akaja mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa na wenzako."

Wenzake ni watoto wa darasa la sita na la saba. Mabenchi yetu ni mafupi, yalitengenezwa kwa ajili yao. Deusi alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu, na mimi nilifundisha siku ile kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuwa nayo. Siku ya kazi kwenye shamba la kigango ilipofika alikuja na jembe kama wote. Nilimpa mstari mrefu kuliko wote, ule wenye visiki. Nilivuta kiti kivulini mwa ukuta wa kanisa nikala karanga huku namwangalia anavyoinama. Yule aliyesimama mbele ya watu akasema nawalimisha watoto, sasa analimishwa, na watoto wanamzidi kasi. Alilima mpaka mwisho. Nami sikuinuka kitini.

Ilikuwa raha. Naandika hivyo hivyo, ilikuwa raha.

Ila yote hayo yalikuwa madogo. Mimi nilikuwa naisubiri leo.

Kwetu kabla Askofu hajaja kutoa kipaimara, katekista anawapima wanafunzi wake. Kila mmoja anakuja mbele, msimamizi wake akiwa nyuma yake, anaulizwa maswali, anajibu. Jumapili inayofuata, ambayo ni kesho, Padri anakuja kigangoni kusoma misa na katekista anasimama kutaja majina ya walio tayari. Usipotajwa, unasubiri Askofu atakapofika tena. Padri haingilii. Anasema mwalimu ndiye anayewajua watoto wake.

Kwa hiyo harusi ya Deusi ilikuwa mdomoni mwangu. Kadi zimeshatoka, ng'ombe ameshanunuliwa, shangazi zake wanakuja kutoka Mwese na Sumbawanga. Na mimi nilikuwa nimepanga maswali. Sikupanga yale ya kwenye kitabu cha watoto. Nilikaa siku kadhaa natafuta maswali ambayo hata shemasi angejikuna kichwa.

Nimefika mapema. Watoto wamejaa mabenchi, wasimamizi wamesimama ukutani, Veronika amekaa nyuma kabisa na khanga yake mapajani. Nikaanza na watoto, nikawapima kwa haki, wote niliowaita walifanya vizuri. Halafu nikamwita Deusi.

Nikaanza na swali jepesi ili aanguke akiwa juu. Nikamwambia ataje mapaji saba ya Roho Mtakatifu.

Ngoja nieleze jambo. Mapaji saba mimi nayafundisha kwa mwili. Hekima, unagusa paji la uso. Akili, sikio, kwa sababu kuelewa kunaanzia kusikia. Shauri, mdomo. Nguvu, unashika kiuno kwa mikono miwili, kwa kuwa mkulima nguvu zake ziko kiunoni. Elimu, macho. Ibada, unakunja mikono kifuani. Uchaji wa Mungu, unagusa magoti. Nilijitungia mwenyewe nikiwa msichana, na sijamwona katekista mwingine anayefundisha hivyo.

Mwaka huu sikuwafundisha hivyo. Niliona nimezeeka kwa michezo ile, nikawaandikia ubaoni tu.

Deusi akagusa paji la uso. Akagusa sikio. Akagusa mdomo. Akashika kiuno kwa mikono miwili, mtu mzima na kitambi chake kinachoanza, mbele ya mchumba wake, bila kucheka. Akamaliza hadi magoti.

Nikahamia kwenye maswali magumu. Akajibu. Pale asipojua alisema hajui, kisha akasema anachokijua kinachokaribia hapo, na hiyo pia ni tabia niliyomfundisha mimi. Alikuwa anatumia hata maneno yangu, "kwa maana hiyo basi", na kidole changu cha kuhesabia. Nikimfelisha Deusi, ninafelisha kazi yangu ya miaka mingi. Nilijikuta nimesimama na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimfundisha vizuri mno yule mtu.

Hapo ningeweza kusema vizuri, kaa chini. Sikusema.

Nikamwambia, "Swali la mwisho. Mahindi ya shamba la kanisa la mjini, yale mliyopalilia mkiwa watoto, yalikwenda wapi?"

Watoto hawakujua ninachouliza lakini wanajua sauti ya mtu mwenye jambo. Veronika aliinua uso. Deusi akaangalia chini.

"Tuliyala sisi, Mwalimu," akasema polepole.

"Sema kwa sauti."

"Tuliyala sisi."

"Sijasikia. Sema kwa sauti, na wa nyuma wasikie."

"Mahindi tuliyala sisi watoto. Wakati wa mafungo. Na mimi nilikuwa narudia. Nilijua, Mwalimu. Siku ile nilijua."

Nilimwacha amesimama pale. Sikumwambia akae. Nilimwacha mpaka jasho likamtiririka shingoni, mpaka mtoto mmoja akacheka, mpaka wengi wakacheka kile kicheko cha puani. Nilikuwa nimekitamani mwaka mzima kicheko kile kimrudie, na kilipomrudia nilikisikia mwilini kama maji baridi baada ya kutembea juani. Kisha nikasema, "Kaa." Akaenda kukaa kwenye benchi lake fupi.

Kama siku ingeishia hapo, leo ningelala vizuri.

Aliyefuata ni Kabula. Kabula ni mtoto wa wafugaji wa Kisukuma, wanakaa mbali na kigango, anatembea na alfajiri kuja kwangu. Ni mkimya. Kiswahili kwake ni cha shuleni, kwa hiyo anafikiri kwanza ndipo anajibu, na jibu lake linatoka dogo dogo. Lakini hajawahi kukosea. Kati ya wote wa mwaka huu ndiye niliyekuwa sina wasiwasi naye hata chembe.

Nikamuuliza mapaji saba. Akaanza, "Hekima..." kwa ile sauti yake.

"Sema kwa sauti," mtoto mmoja akasema kutoka kwenye mabenchi.

Ilikuwa sauti yangu. Si kwamba ilifanana, ilikuwa yangu kabisa, mpaka na kule kuburuta kidogo mwishoni. Mwingine akaidaka, "Na wa nyuma wasikie." Mwingine akaongezea na kidole. Benchi zima likacheka puani, na wale ni watoto wazuri, hawana ubaya na Kabula, wanakula naye mihogo. Walikuwa wanafanya walichokiona kinafanywa na Mwalimu muda mfupi uliopita.

Kabula akanyamaza. Niliwakemea, wakanyamaza wote, nikamwambia endelea, mwanangu. Akaniangalia. Nimefundisha watoto wengi na nimewahi kuangaliwa kwa kuchoka, kwa njaa, kwa kiburi. Sijawahi kuangaliwa na mtoto kwa kuniogopa.

"Nimesahau, Mwalimu," akasema.

Hakusahau. Nikawatoa nje wote nikabaki naye na msimamizi wake, nikamuuliza kwa upole, nikamgusia hata paji la uso. Akatikisa kichwa tu. Msimamizi wake, mama wa jirani yao, akanambia, "Muache, Mwalimu, huyu leo hatasema tena." Wakaondoka. Nilimwona Kabula anapita katikati ya wenzake uwanjani bila kumtazama yeyote.

Deusi alikuwa ndiye wa mwisho kuondoka. Nilidhani atasubiri kuniomba jina lake lisomwe kesho, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumjibu. Hakuomba. Alikuwa anayapanga mabenchi ukutani, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto. Alipomaliza akasema, "Kesho nikitoka huku nitapita mjini, Mwalimu. Yale mahindi nitayasema na kule." Kisha akawasha pikipiki, Veronika akapanda nyuma, wakaenda.

Sina hakika kama atasema. Hata akisema, mwaka mzima wa kuvuta baiskeli mchangani haurudi, na swali lile la kwetu ni wapi halifutiki kwa tangazo moja. Moyoni bado nataka jino limuume.

Mama aliponiona narudi akajua. Hakuuliza mengi. Akasema, "Reka, mwana wanje," yaani kwa Kirundi acha tu, mwanangu, akaendelea na karanga zake. Yeye husema hivyo kwa kila jambo, hata kuku akivamia mtama. Leo nilimjibu vibaya, nitamwomba radhi nikitoka humu chumbani.

Nimeichukua tena habari ya Kasiano. Nimekaa nayo tangu nifike. Wiki nzima nimekuwa nawatafuta wale watoto kwa majina, na sikuwahi kumtazama hakimu hata mara moja. Watoto hawakujiamulia. Kuna mtu mzima alikuwa amekaa kwenye kiti, wanamheshimu, akawaonyesha mtu aliyefungwa akawaambia ruksa. Kalamu walikuwa nazo siku zote na hawakuwahi kumchoma nazo mtu.

Leo kile kiti nilikikalia mimi.

Sijui kama semina wataipenda hiyo. Padri anataka uvumilivu. Mimi uvumilivu sinao, nitawaambia ninachokijua.

Kesho nitaondoka giza halijatoka. Nitapita kwanza kwa kina Kabula, niwaamkie wazazi wake, nimwombe radhi mtoto mbele yao. Mapaji saba simuulizi, ameyajua tangu mwezi wa tatu. Nitamwambia tu kwamba jina lake nitalitaja. Akija kanisani, vizuri. Asipokuja nitalitaja vile vile.

Na la Deusi nitalitaja. Simsamehe, bado, asije akaelewa vibaya. Namtaja kwa sababu yuko tayari, na aliyemfanya awe tayari ni mimi. Watoto watakuwa wamekaa pale mbele wananisikiliza namna ninavyolitamka. Nitalitamka katikati ya mengine, kwa sauti ya kawaida.